Swali la Kumi na Nne

Barabara iliishia kwenye jiwe.
Kutoka pale tulivipanda vilima vya Khatlon kwa miguu,
mimi, Daktari Isfandiyor, na punda wa kukodi
mwenye sanduku la barafu mgongoni,
barafu ikimtiririka ubavuni tone kwa tone
kana kwamba mnyama naye amefiwa.

Matumbo. Hayo ndiyo ya kwanza kuyaona.
Wanaume wenye mimba za miezi minane,
watoto wa miguu ya njiti, ngozi imevutwa
hadi mishipa inasomeka kama mito kwenye ramani.
Ugonjwa usio na homa, usio na kuhara.
Hauruki kitanda hadi kitanda.
Unachagua nyumba.

Niliandika: kaya arobaini na sita, wagonjwa mia na watatu,
makaburi mapya kumi na tisa,
kumi na moja kati yake mafupi.
Niliyapima kwa hatua zangu. Fomu haiulizi hilo.

Tulichukua maji. Damu. Mkojo. Panya wawili.
Maziwa ya mbuzi.
Maabara ya mji mkuu ikajibu kwa simu inayokatikakatika:
safi, safi, rudia, safi.

Kijiji kilikuwa na jibu lake zamani.
Kilinyooshea kidole mlango wa buluu,
kwa mjane Oyniso, ambako hakuna hata mmoja aliyevimba.
"Muulize yeye," alisema Qurbonali fundi viatu,
"mbona kifo kinapiga hodi kote, kwake kinapita?"
Jicho lake, walisema.
Dirisha lake walikwisha kulivunja.

Nilimuuliza. Si kama walivyotaka;
kwa karatasi na kalamu, kuanzia la kwanza.

Swali la kumi na nne: mnakula nini?
Mkate.
Na nini kingine?
Mkate na chai.
Na kingine?
Akanitazama kama aliyesikia lugha ngeni.
Mkate upi?
Akainua pazia la jiko:
magunia ya unga wa dukani, mhuri wa kiwanda.
Mwanawe Firdavs anabeba matofali Urusi.
Yeye hana shamba. Mlima haukumpa kitu.

Wengine wote, mlima uliwapa.

Nikaenda ghalani kwa Qurbonali,
nikachota ngano ya mwaka wa ukame,
nikaimwaga juu ya kitambaa cheupe,
nikaketi kuichambua kama mchele wa harusi.
Punje, punje, punje, na katikati yake
mbegu ya kijivu, ndogo, yenye makunyanzi.
Mvua iligoma; gugu hili halikugoma.
Likavunwa na ngano, likasagwa na ngano, likakandwa.
Kikulacho, kumbe, ki tanurini.

Haya, nenda wewe ukawaambie.
Watu hawa mkate hawaulazi kifudifudi.
Ukianguka huuokota, huubusu,
huugusisha kwenye paji la uso.
Nilisema acheni kuula, na Gulsifat,
aliyezika wawili tangu theluji iyeyuke,
akauliza swali lisilo na namba:
"Basi ni mimi niliyewalisha?"

Isfandiyor akatazama viatu vyake.
Nikasema ini. Nikasema sumu, nikasema ukame.
Nilisema yote isipokuwa ndiyo.

Hakuna aliyemwomba Oyniso radhi.
Ila usiku mmoja mtu alileta kioo kipya,
akakiegemeza kwenye mlango wa buluu, akaenda zake.

Na asubuhi ya kuondoka
Gulsifat alinifungia mkate, wa moto bado,
maana mgeni haagwi mikono mitupu,
na unga wa msaada ulikuwa ungali saini mbili wizarani.
Alijua. Nami nilijua kuwa anajua.
Sampuli nilikuwa nazo tayari.

Pale kwenye jiwe gari lilitungoja.
Niliuweka juu ya kiti, uso wake ukielekea juu,
nikasafiri nao kilomita sitini, madirisha wazi,
harufu yake imejaa kila mahali,
nikitafuta kando ya njia
mahali ambapo mkate hutupwa.